Kabidoni ka kukamata mafuta: kanasaidia, lakini moshi haiishi yote

Miezi ine sasa natumia haka kabidoni kenye banaweka kati ya tuyo ya reniflari (yenye inatoa mvuke wa mafuta ndani ya motere) na admisioni (njia yenye hewa inaingilia motere), nilikanunua Birere huku Goma dola 35, ka aluminiumu, ndani kuko kafiltre ka chuma. Motoka yangu ni ya enjeksioni direkti, njo tatizo lenyewe: esansi inaingia moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya supape (tumilango twa hewa twa silinda) ili izisafishe, kwa hiyo mvuke wa mafuta ya motere ukifika pale unaungua unakuwa makaa.

Kazi inafanya, kweli. Kila kilomita 1000 nafungua chini natoa kitu kama chai ya maziwa, mafuta na maji pamoja, na huku Goma asubuhi kukiwa baridi maji inakuwa mingi. Ukisahau kukamwanga kanajaa, vyote vinarudi motere, mimi ilinifika mara moja.

Sasa moshi. Asubuhi nikiwasha ilikuwa inatoka ya buluu sekunde kidogo halafu inaisha, muuzaji akaniambia haka katamaliza. Uongo tu! Imepunguka kidogo, mekanisiye wangu akaangalia akasema ni jointi za supape zimekauka, mafuta inashuka usiku, hapo kabidoni hakana neno. Na makaa ya zamani hakatoi, ile inaomba kufungua na kusafisha.

Tuyo zenye banakupa pamoja nako, aii, majuma tatu tu zimelainika. Nunua zingine za kuvumilia mafuta. Nyota tatu juu ya tano.