Ashiki au uchu?

Yote mawili husemwa kwa mtu aliyezidiwa na hamu ya mwili, lakini hayamhukumu sawasawa.

Ashiki limetoka Kiarabu, na huko ni mapenzi makali yanayomtoa mtu akili. Pwani limebaki na heshima hiyo: "ashiki majununi" ni mtu aliyerukwa na akili kwa kupenda, na taarabu haioni haya kumwimba. Aliyeshikwa na ashiki anaungua yeye mwenyewe, hata tunaweza kumwonea huruma.

Uchu ni la mezani kwanza. Ukikaa mwezi mzima kwa mchicha na dagaa, unashikwa na uchu wa nyama, na hakuna wa kukulaumu. Likihamia kwa watu ndipo linapochoma. "Anamwangalia binti wa watu kwa uchu": hapo binti amekwishageuzwa kitoweo, na mwanamume ni fisi. Ndiyo maana uchu wa madaraka tunausikia kila uchaguzi, ila ashiki ya madaraka haisemwi.

Kanisani utasikia zaidi tamaa. Paulo anasema ni heri kuoa kuliko kuwaka tamaa. Nyege watu wazima hulisema faraghani.

Kwa mume na mkewe nachagua ashiki bila kusita. Kwa mzee anayewavizia wanafunzi wa shule, uchu. Akishamwingilia mtoto, yote mawili hayafai, na mwandishi wa habari anayeandika "alizidiwa na ashiki" anamtetea mhalifu. Aandike ubakaji.