Hamira kavu ya gramu 500: ya mkate au ya maandazi?

Hamira kavu ya pakiti hutengenezwa kwa aina mbili: ya unga wenye sukari kidogo, na ya unga mtamu. Mwokaji wa Kampala anayetoa mkate alfajiri na maandazi jioni asichukue tu iliyo karibu rafuni.

Ya unga mtamu ni nzuri sana kwa bansi na maandazi ya sukari gramu 150 kwa kilo ya unga. Ukiitia kwenye mkate usio na sukari, donge huumuka vizuri mwanzoni, kisha husimama, halafu huendelea polepole. Hamira haijafa. Imemaliza sukari chache za unga wenyewe, imebaki maltosi, sukari itokanayo na wanga. Glukosi, sukari nyepesi ambayo hamira huila kwanza, ikiwapo, protini iitwayo Mig1 huzizima jeni za maltosi. Glukosi ikiisha, Mig1 hutoka kwenye kiini cha seli, na seli ndipo ianze kutengeneza mlango wa kuingizia maltosi pamoja na kimeng'enya cha kuivunja. Muda wote huo donge limelala. Aina ya mkate imechaguliwa kwa seli ambazo jeni hizo hazizimwi kwa urahisi, na ndiyo ninayoipa alama za juu.

Kwa hiyo jaribio la kikombe cha maji vuguvugu na kijiko cha sukari halitoshi. Sukari ya mezani hupasuliwa nje ya seli kuwa glukosi na fruktosi. Povu linathibitisha uhai tu, si uwezo wa kula maltosi. Pima hivi: unga gramu 100, maji gramu 60 ya nyuzi 30, hamira gramu 1, bila sukari wala chumvi. Tia kwenye gilasi iliyonyooka, uchore mstari kila dakika 15 kwa saa mbili. Mistari ikibanana katikati kisha ikaachana tena, pakiti hiyo ni ya maandazi.

Kama huna nyingine, tegemea kumbukumbu ya seli. Zilizowahi kula maltosi huanza kuila upesi zaidi zikiipata tena, hata baada ya kugawanyika mara kadhaa. Kwa galaktosi, sukari nyingine, sababu mojawapo ya kumbukumbu kama hiyo inajulikana: protini Gal1 iliyotengenezwa awali hurithiwa na seli changa, ikipungua kila mgawanyiko. Basi chachisha kwanza unga gramu 300, maji gramu 300 na hamira gramu 3 kwa saa tatu, ndipo ukande na unga uliobaki. Usitie sukari humo, utazizima jeni zilezile unazotaka ziamke.

Pakiti ikishafunguliwa, iweke frijini ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Unyevu huiharibu kabla ya tarehe iliyoandikwa.