Vipikapu vya Kijapani vya fowili: kipi kinafaa mchanga wa Malindi?

Ukivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi mjini, lami inakufikisha Mambrui na Gongoni bila taabu. Taabu inaanza ukikata kona. Njia za kuelekea Ngomeni zina mchanga mwingi, kando ya mashamba ya chumvi kuna tope la kunata, na upande wa Marafa udongo mwekundu ukishalowa masika magari mengi hulala njiani. Tuktuk huzama, Probox hugonga tumbo, na bei ya Land Cruiser si ya mvuvi wala ya mkulima wa maembe. Kwa watu hao ndipo pikapu ndogo ya Kijapani inapostahili kuangaliwa kwa makini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usinunue jina lililoandikwa mbele, nunua kilicho chini ya gari. Tafuta vitu vinne: fowili (magurudumu yote manne yanasukuma), gia za mkono, difu-loki (inayoyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja), na chesisi isiyoliwa na kutu. Gari lenye vyote vinne lichukue, hata nembo yake iwe ile usiyoitaka.

Magari haya yametengenezwa kwa kufuata sheria ya Japani inayobana vipimo: injini isizidi sisi (cc) 660, urefu usizidi mita 3.4, upana mita 1.48, na mzigo kilo 350. Hizo kilo 350 ni mifuko saba ya simiti ya kilo 50, au mitungi kumi na saba ya maji ya lita 20, basi. Najua hapa kwetu watu watapakia mara mbili ya hapo. Springi zitalala, beringi za nyuma zitaanza kulia, na mtu atasema gari la Kijapani ni bovu. Kama mzigo wako wa kila siku ni tani moja, acha hapa, tafuta pikapu kubwa. Lakini kwa mzigo unaolingana nalo, udogo huo ndio nguvu yake. Gari lenye uzito wa kilo mia saba na kitu halichimbi mchanga kama gari la tani mbili, na likikwama, vijana wanne wanalitoa kwa mikono.

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, kuna jambo linalopunguza orodha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo magari mengi yanayosifiwa mitandaoni na Wamarekani, wao wakiagiza ya zamani ya miaka 25 na zaidi, wewe huwezi kuyaleta Mombasa. Jambo la pili ni kwamba watengenezaji wa kweli wamebaki wachache. Nissan Clipper, Mazda Scrum na Mitsubishi Minicab za miaka hii ni Suzuki Carry iliyobandikwa nembo nyingine. Toyota Pixis na Subaru Sambar ni Daihatsu Hijet. Ukiongeza Honda Acty, unapata koo tatu tu. Hii ni habari njema kwa mnunuzi, kwa sababu dalali akikwambia Carry zimeisha, Clipper au Scrum inaweza kuwa gari lile lile kwa bei nafuu zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa Suzuki Carry ya namba ya modeli DA16T, iliyoanza kutengenezwa 2013, pamoja na ndugu zake: Clipper ni DR16T, Scrum ni DG16T, Minicab ni DS16T. Injini yake ni R06A ya silinda tatu, na inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Injini hiyo hiyo imo kwenye Suzuki Every, zile vani ndogo zinazosambaza mikate na maji mijini, kwa hiyo fundi aliyezoea Every hatahitaji kujifunza upya. Injini imekaa chini ya viti: unainua kiti, unaona plagi na oili, hata bodi ya mizigo ikiwa imejaa samaki. Tafuta hasa ile iliyotengenezewa wakulima wa Japani, yenye difu-loki na gia za chini. Hiyo itapanda ukingo wa mto ikiwa kwenye mwendo wa mtu anayetembea, bila kuunguza klachi.

Tahadhari mbili kuhusu Carry. Suzuki hutumia namba ile ile, DA16T, kwa gari la fowili na lisilo la fowili, kwa hiyo karatasi peke yake haikutoshi. Inama uangalie kama kuna difu mbele na ekseli zinazotoka kwenda kwenye magurudumu ya mbele. Pili, kuna aina inayoitwa 5AGS. Ina gia kama za mkono lakini klachi inakanyagwa na mashine inayoendeshwa na kompyuta. Huko Japani ni kitu kizuri. Huku kwetu, mashine hiyo ikigoma ukiwa Adu au Langobaya, hakuna fundi wa chini ya mwembe atakayekusaidia. Chukua ya kukanyaga mwenyewe.

Ya pili ni Daihatsu Hijet. Hapa namba inakufanyia kazi: S500P ni ya kusukumwa na magurudumu mawili, S510P ni fowili. Mpango ni huo huo kwa Pixis (S500U na S510U) na Sambar za sasa (S500J na S510J). Injini yake inaitwa KF, nayo ina mnyororo. Nayo pia ina aina ya wakulima yenye difu-loki. Kama wewe ni mrefu, itazame ile inayoitwa Jumbo, kabini yake imeongezwa nyuma ya viti na magoti yanapumua. Suzuki nao wana Super Carry ya namna hiyo tangu 2018. Bodi ya mizigo inapungua kidogo, lakini mtu anayeendesha kwenda Mombasa na kurudi, kilomita mia mbili na arubaini hivi, atashukuru. Nimeiweka Hijet ya pili kwa sababu moja: spea. Sio mbaya kuliko Carry barabarani, ila injini ya Carry ina jamaa wengi zaidi humu nchini.

Honda Acty naipenda, na bado naiweka ya tatu. Injini yake imelala chini ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo hata ikiwa tupu magurudumu ya nyuma yanashika mchanga vizuri. Fowili yake ni HA9, na aina ya Attack ina difu-loki na gia ya chini mno. Sasa sikiliza upande wa pili. Injini inafunguliwa kupitia kifuniko kilicho kwenye sakafu ya bodi, maana yake likizimika njiani unashusha kwanza mzigo wote ndipo uone plagi. Inatumia mkanda wa taimingi, na mkanda una muda wake wa kubadilishwa. Tena Honda waliacha kuitengeneza 2021, basi kwa sheria ya miaka 8 mlango wake unajifunga wenyewe.

Sambar ya zamani, ile Subaru waliyoitengeneza wenyewe hadi 2012, ina injini ya silinda nne nyuma kabisa na springi huru kwa kila gurudumu. Ni tamu kuendesha. Lakini haiwezi kuingizwa tena. Utaipata tu iliyosajiliwa humu zamani. Inunue kama una fundi anayeijua. Isiyo ya fowili, ya kampuni yoyote, inafaa kazi za mjini na Watamu, siyo Ngomeni.

Sasa kutu, na hapa naomba usiwe na haraka. Wajapani wanaohitaji sana fowili ni wale wa sehemu za theluji: Hokkaido, Niigata, Tohoku. Huko wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Kwa hiyo gari lile lile unalolitaka wewe ndilo lililooga chumvi miaka yote, na sasa unalileta pwani likaoge nyingine. Kwenye karatasi ya mnada (ripoti ya hali ya gari inayotoka mnadani Japani) tazama mchoro wa gari: herufi S ni kutu, herufi C ni chuma kilichokwisha kuliwa. C ikiwa chini au kwenye chesisi, achana nalo. Kama gari liko Mombasa au Malindi tayari, tandika mkeka uingie chini na bisibisi. Gonga chesisi pale kabini inapokutana na bodi, na pale springi za nyuma zinapofungwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya bati la kopo, na bisibisi inaweza kuzama. Chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mpya juzi ikaguliwe mara mbili.

Na ukishalinunua, lioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila likitoka ufukweni au kwenye mashamba ya chumvi, halafu lipakwe dawa ya kuzuia kutu ndani ya mbavu za chesisi.

Kuhusu bei, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haitozi kodi kwa bei uliyolipa mnadani. Inaanza na bei ya rejareja ya gari hilo likiwa jipya, kisha inapunguza kulingana na umri. Gari la bei ya kutupa Japani halitakuletea kodi ya kutupa, kwa hiyo ni heri kuongeza kidogo kule upate lisilo na kutu.

Tairi zinazokuja nalo ni za inchi 12, ngumu na nyembamba, upana milimita 145. Zenye meno zinatosha. Sioni haja ya kuliinua gari sana, kwa kuwa ni jepesi na jembamba, litapinduka kirahisi kwenye mteremko. Mchangani bila mzigo, punguza upepo hadi psi 15 hivi, na ubebe pampu ya kurudishia. Fowili itie kwenye mchanga na tope pekee; kwenye lami kavu mfumo wa Carry na Hijet hujikaza ukikata kona na kuharibu gia.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji mtoke naye hadi kwenye mchanga laini. Tia fowili, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole: mlio wa kugongagonga mbele ni ekseli zimekufa. Bonyeza difu-loki, taa yake iwake, na magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Muuzaji akikataa kwenda mchangani, tafuta jingine.