Mizani au vidole?

Mizani inakupa namba: mbwa ana kilo 28. Sawa, ila kilo 28 za nini, mafuta au misuli? Hapo vidole vinaishinda. Daktari wa mifugo hupapasa ubavu. Mbavu zikigusika kirahisi, kama mifupa ya mgongo wa kiganja ulichokinyoosha, mbwa yuko 4 au 5, yaani mwili mzuri, kwenye kipimo cha hali ya mwili cha 1 (kakonda mno) hadi 9 (kanenepa mno). Ukibonyeza sana ndipo uzipate, kanenepa. Mbwa wa manyoya mengi usimwamini kwa macho, mpapase.

Mwongozo wa 2011 wa WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo kama mbwa na paka, unataka lishe ikaguliwe kila ziara, na mizani haikuachwa nje: paka wa kilo 4 akipungua gramu 400, asilimia 10 imekwenda, na mkono huenda usiligundue hilo.