Vifaa vya kuchimba Gathi ya Wafilisti: sururu ndogo, mwiko, chekeche na brashi

Tell es-Safi, kilima cha Israeli kinachotambuliwa kuwa ndicho Gathi, mji wa Wafilisti alikotoka Goliathi, kilianza kuchimbwa na timu ya Aren Maeir wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan mwaka 1996. Shida yake kwa mchimbaji ni kwamba kuta nyingi zilijengwa kwa tofali za udongo zisizochomwa, na zilipoanguka zikajaza vyumba udongo uleule. Kwa hiyo kifaa hapa hatukipimi kwa wingi wa udongo kinaouhamisha. Tunakipima kwa jinsi kinavyoonyesha tofali linaishia wapi.

Sururu ndogo ya mkono mmoja, ambayo wachimbaji wa Israeli huiita patish, ndiyo inayobeba kazi kubwa na ndiyo inayoharibu zaidi. Ina ncha upande mmoja na bapa upande wa pili: ncha hulegeza, bapa huvuta. Chagua nyepesi, maana nguvu yatakiwa itoke kwenye kifundo cha mkono, si begani. Shusha eneo lote kwa sentimita 5 hivi, safisha, tazama, ndipo ushuke tena. Kosa baya kuliko yote ni kuchomeka ncha kisha kuibinua kama mtaimbo. Katika tabaka la maangamizi ya Hazaeli mfalme wa Shamu, yapata mwaka 830 K.K., mitungi ilipondekea palepale ilipokuwa imesimama, na vigae vyake bado viko pamoja. Ukibinua mara moja tu umevichanganya na vya mtungi wa jirani, na mtu wa kuunganisha vyungu atahangaika miezi. Vigae vikianza kulala bapa, vyote kwa usawa mmoja, sakafu imekaribia: weka sururu chini.

Hapo ndipo mwiko unapoingia, na kama una fedha za kununua kifaa kimoja tu kizuri, nunua huu. Uwe umefuliwa kutoka kipande kimoja cha chuma. Miiko ya kuchomelea hukatikia shingoni, kwenye kiungo, kwa sababu udongo wa tofali uliokauka ni mgumu mno. Miiko ya chapa za Marshalltown na WHS yote hufuliwa kipande kimoja. Kwa udongo huu tunaupendelea WHS wa inchi 4, kwa ugumu wake. Kwangua kwa ubavu, ukivuta kuja kwako, wala usichimbe kwa ncha. Fanya hivyo alfajiri, udongo ukiwa bado na unyevu wa usiku, maana ndipo rangi ya tofali na ya udongo wa kuungia hutofautiana. Jua likishapanda kila kitu huwa kijivu kimoja. Kunyunyiza maji kidogo husaidia, lakini usipitishe brashi juu ya udongo mbichi: utaupaka kama lipu na mstari wa tofali utafutika.

Ndoo za mpira wa tairi ni nzuri, hazina la kujadili. Zijaze theluthi mbili tu. Za plastiki hupasuka juani.

Chekeche cha milimita 5 kinatosha kwa vigae na mifupa ya nguruwe, ila kwa mifupa ya samaki na mbegu ni kama hakipo. Udongo wa sakafu na wa majiko utengwe kwenye mifuko, utiwe majini, na kinachoelea kinaswe kwa wavu laini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kuhusu mimea ya mahekalu ya Gathi ulitegemea mabaki madogo ya namna hiyo.

Kwenye kuosha, nunua brashi laini ya kucha. Ngumu hubandua weupe wa chini pamoja na michoro myekundu na myeusi, na hiyo michoro ndiyo inayotambulisha chungu cha Kifilisti. Kabla ya kusugua, chovya kila kigae majini na ukitazame pande zote, kwa kuwa maandishi ya wino hufutika. Kigae maarufu cha Gathi cha mwaka 2005, chenye majina mawili, kilikwaruzwa kwa ncha, si kwa wino. Si kila kigae kitakuwa na bahati hiyo. Vigae vya kupimwa mabaki ya mafuta au divai visiguse maji kabisa.

Na angalia sana vizito vya kufumia, vile vinavyofanana na kibiringo cha uzi. Wafilisti hawakuvichoma. Kikitumbukia kwenye ndoo ya kuoshea pamoja na vigae, baada ya nusu saa unabaki na tope.

Lebo ziwe mbili, moja ndani ya ndoo na nyingine nje, zimeandikwa kwa penseli kwenye karatasi isiyopenya maji: tarehe, namba ya shimo, ya tabaka na ya ndoo. Kalamu za wino huliwa na jua, na ndoo isiyo na lebo haina pa kurudishwa.