Tahadhari: RAM za 2133 zinauzwa Kariakoo kama 3200

Ndugu zangu mafundi na wahariri wa video, yupo muuzaji Kariakoo anayechukua RAM (kumbukumbu ya kompyuta) za aina ya DDR4 zenye kasi ya 2133, yaani zinazosafirisha data mara milioni 2133 kwa sekunde, anazifunika kwa bati jeusi la alumini, anaandika upya taarifa zilizomo ndani yake na kuziuza kwa bei ya RAM za 3200 CL16 (CL ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM husubiri kabla ya kutoa data). Ameniibia, na imenifedhehesha, maana ninyi ndio mnaonipigia simu kila mnapotaka kununua vifaa.

Sikuuziwa gizani. Alizichomeka RAM zote mbili kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya kaunta, akaiwasha, akafungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za vifaa vya kompyuta, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa SPD (taarifa zilizoandikwa ndani ya RAM) na kunigeuzia kioo nisome mwenyewe: saa ya 1600 MHz, mapigo ya kusubiri 16-18-18-38 (ile 16 ya kwanza ndiyo CL), volti 1.35. Akanifafanulia kwa utulivu kwamba DDR husafirisha data mara mbili katika kila pigo la saa, kwa hiyo 1600 ile ndiyo 3200, na hapo alisema kweli tupu. Nikapiga hesabu palepale: pigo moja la saa ya 1600 MHz ni nanosekunde 0.625, mapigo 16 ni nanosekunde 10, kipimo ambacho RAM nzuri za daraja hilo hukifikia. Stika ilisema hivyohivyo. Nikatuma pesa kwa simu, naye akanisindikiza hadi mlangoni akiniita bosi. Muuzaji anayeijua bidhaa yake kiasi hicho, na tarakimu zote zinakubaliana, kwa nini nisingemwamini?

Ile kazi ya harusi ya Morogoro mnaijua. Sasa mnajua kilichoichelewesha. Nikiwasha XMP, mpangilio unaoiendesha RAM kwa kasi kubwa iliyoandikwa ndani yake, kompyuta ama inagoma kuwaka, ama inawaka na kuharibu mafaili, na programu ya kupima RAM, MemTest86, ikajaza makosa kioo kizima. Nikaishusha hadi 2133, makosa yakaisha. Nilipolibandua bati nikakuta chipu za SK Hynix zenye msimbo unaoishia TFC, yaani 2133 CL15.

Chipu haidanganyiki kwa stika. Seli zake zinahitaji muda halisi ili chaji isomwe na data itoke, na kwa 2133 CL15 muda huo ni takriban nanosekunde 14. Ukiongeza kasi ya saa, kila pigo linakuwa fupi, lakini mahitaji ya seli yanabaki palepale. Ndiyo maana RAM za kawaida za 3200 huwa na CL22. Chipu hizi zingehitaji mapigo 23, na tapeli yule ameziandikia 16, kwa hiyo kompyuta inadai data nanosekunde 4 kabla haijawa tayari. Zipo chipu zinazostahimili kuongezwa kasi, lakini mnunuzi wa 3200 analipia kasi iliyokwisha kupimwa, hakulipia bahati.

Ukurasa wa SPD huonyesha kilichoandikwa tu, na kilichoandikwa hufutika. Dai uonyeshwe ukurasa wa Memory, ambako kasi inayotumika wakati huo huonekana. Huyu hakuufungua hata mara moja. Bati nalo lilikuwa na gundi mbichi pembeni. Mengine nitawaeleza hasira zikipungua, kwa sababu mtu huyu anajua anachokifanya: kuandika upya SPD kunahitaji programu maalumu, na hakuna anayeifanya kazi hiyo kwa bahati mbaya. Afungiwe duka, mzigo wake wote ukamatwe, arudishe fedha za kila aliyemwibia na afikishwe mahakamani, kwa maana kuna wanafunzi na mafundi wanaonunua kwake kwa akiba ya miezi.

Risiti, stika na lile bati ninavyo. Aliyeuziwa RAM za namna hii anitafute, tupeleke malalamiko yetu kwa pamoja Tume ya Ushindani, na asizitupe chipu zake, kwa sababu msimbo ulioko juu yake ndio ushahidi.