Kozi ya SSAT iliyompa mtoto jibu la mtego ikaliita sahihi

Nimelipia kozi ya mtandaoni ya kujiandaa na SSAT, ule mtihani wa kuingia shule binafsi za Marekani, na hadi sasa nina hasira. Nilichokifuata ni kitu kimoja tu: milinganisho ya maneno. Hapo ndipo wanapokwama watoto wetu wanaoongea Kiswahili nyumbani. Kiingereza cha darasani wanakijua, ila kozi ikikosea hakuna mtu wa karibu wa kuwaambia kwamba imekosea.

Swali lenyewe, kwa Kiswahili, ni hili: mnong'ono kwa ukelele ni kama (A) sikio kwa sauti, (B) kimbunga kwa upepo mwanana, (C) mdomo kwa neno, (D) upepo mwanana kwa kimbunga, (E) ngoma kwa mdundo. Kozi inasema jibu ni A. Maelezo ni mstari mmoja: "Yote yanahusu sauti."

Jamani! Huo ndio mtego wenyewe. Watungaji huweka chaguo linalofanana na swali kwa mada ili limnase anayesoma haraka. Mada haina kazi hapa. Kinachotafutwa ni uhusiano. Kabla ya kutazama machaguo, mtoto atunge sentensi fupi yenye maneno yote mawili: "Mnong'ono na ukelele ni kitu cha namna moja." Aipitishe kwenye kila chaguo. A, C na E zinaanguka palepale, zinabaki B na D. Zikibaki mbili, sentensi imelegea, basi aikaze: "Cha kwanza ni kilekile cha pili, ila kwa kiwango cha chini kabisa." B imegeuzwa kichwa chini. Jibu ni D, na halina sauti hata kidogo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza yote hayo hatua kwa hatua. Jibu lao: maswali yameandaliwa na wataalamu, mwanafunzi aongeze mazoezi. Yaani kosa ni lao, lawama kwa mtoto. Hilo ndilo lililonichoma kuliko fedha.

Nisiwadhulumu: orodha zao za msamiati ni nzuri kweli. Maneno yamepangwa kwa mizizi, matamshi yanasikika vizuri, na kwa hizo nilikuwa nimewawekea nyota tatu. Lakini kadiri ninavyopitia masomo mengine ndivyo ninavyozidi kuona kwamba nyota tatu ni nyingi. Karibu maswali yote ni ya jozi kwa jozi, mtindo wa zamani wa SAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, na SAT iliifuta sehemu hii ya milinganisho mwaka 2005. SSAT huuliza pia kwa maneno matatu: mnong'ono kwa ukelele ni kama upepo mwanana kwa nini? Hapo sentensi inatoka kwenye jozi ya kwanza tu, na machaguo ya uongo hulizunguka neno la tatu: tanga, jahazi, bahari. Zoezi la namna hiyo sikuliona.

Halafu kuna ushauri wao wa kubahatisha: "Acha wazi kila swali usilo na hakika nalo." Ni kweli kwamba SSAT ya ngazi ya kati na ya juu hukata robo alama kwa kila kosa. Lakini piga hesabu. Machaguo ni matano. Ukiondoa moja tu kwa hakika, yanabaki manne. Katika maswali manne ya hivyo, tegemea kupata moja na kukosa matatu. Unapata alama 1, unakatwa robo tatu, inabaki robo yako. Ukiondoa mawili, faida inakua. La kuacha wazi ni lile ambalo hujaondoa hata chaguo moja.

Na kuondoa kunawezekana hata neno la swali likiwa geni kabisa. Mtoto aangalie kila chaguo peke yake: mwalimu kwa miwani? Mwalimu anaweza kuwa nayo au asiwe nayo, hakuna uhusiano wa lazima, lifutwe. Mbinu hii, ambayo ndiyo ngao ya mtoto mwenye msamiati mdogo, kozi nzima haikuitaja.

Nyota moja, na hiyo ni ya msamiati. Kama umeshalipa, tumia orodha za maneno na matamshi, lakini majibu ya milinganisho usimwachie mtoto ayasome peke yake.